Mvua Niliyokataa Kuifuta

Kila asubuhi saa tatu nilisoma kipimo cha mvua kilichosimikwa nyuma ya shule yetu, huku Kiambere. Kila Ijumaa nilishusha kisimani utepe wa kupimia kina, ule ambao ncha yake hulia ikigusa maji. Yote niliyaandika daftarini, maana ofisi ya maji ilikuwa ikipanga vijiji vitakavyoletewa maji ya mfereji kwanza.

Jirani zangu waliamini kijiji kikavu ndicho kitakachotangulia. Mama mmoja ninayeimba naye kwaya nilimfumania akimwagia sukuma wiki yake maji ya kipimo.

"Mwalimu, andika zero," akaniambia bila haya. "Kwani hiyo chupa itakushtaki?"

"Chupa haitanishtaki. Mimi ndiye nitakayekushtaki wewe."

Wakaacha kunisalimia kanisani. Iliniuma, sitadanganya. Lakini sikufundisha hesabu miaka yote hiyo ili nije kuandika uongo uzeeni. Tena niliona jambo ambalo wao hawakutaka kuliona: msimu huo mvua ilinyesha vizuri, na kisima kikazidi kushuka. Tukiandika sifuri, ofisi itasema ni kiangazi tu, tuvumilie hadi mvua ije.

Afisa alipokuja, alisoma kurasa za mvua tu, akalifunga daftari.

"Madam, nyinyi mko sawa. Mvua iko. Wacha tuanze na wale hawana."

Yule mama wa kwaya akanikodolea macho. Nilimwongoza afisa hadi kisimani, watu wote nyuma yetu, nikamkabidhi utepe.

"Shusha mwenyewe."

Akashusha. Akaupita uzi mweupe nilioufunga kwenye utepe mwaka jana maji yalipofikia, akaendelea kushusha. Utepe ulilia ukiwa umebakiza shibiri moja tu kuufikia uzi mwekundu, alama ya mahali bomba la pampu linapoishia; maji yakishuka chini ya hapo, pampu haivuti kitu. Mama wa kwaya akashika kifua.

"Kitajaa mvua ikinyesha," afisa akasema.

"Imenyesha," nikamjibu. "Si umetoka kuisoma sasa hivi? Sasa tungoje nini?"

Afisa akaupandisha utepe. Akatoa kalamu na orodha yake, akauliza kijiji kinaitwaje. Yule mama wa kwaya ndiye aliyemtajia, herufi kwa herufi, na mimi sikubanduka hapo mpaka nilipoona jina letu limeandikwa.