Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Leo nusura niwaunguze watu wangu watatu.

Naongoza kikosi cha gari la zimamoto, tunazima moto wa msituni huku Mlima Meru. Kanuni yangu ya kwanza: gari ligeuzwe kuelekea tulikotoka, na ufunguo usitoke kwenye swichi. Naiimba kila siku mpaka wananicheka.

Leo dereva anaumwa, nikaendesha mwenyewe. Nikapaki, nikapanda juu peke yangu kuuangalia moto.

Upepo ukageuka.

Nikapiga kelele kwenye redio: "Ingieni garini, ondokeni! Msinisubiri!"

Elia, mmoja wa wale watatu, akajibu kwa sauti ya chini kabisa: "Kiongozi, ufunguo haupo."

Nikagusa mfuko.

Jamani, mimi ni mtu wa Sakina, pale Arusha mjini. Kwetu hakuna anayeacha ufunguo kwenye gari, litaibwa. Mkono uliuchomoa wenyewe!

Nilishuka mbio, moshi umenifunika, sijui hata nilikanyaga wapi. Nikawakuta wote watatu wamekaa garini, mikanda wamefunga, wananitazama. Nikawasha gari, sikusimama mpaka mjini Usa River, chini ya mlima.

Niko nyumbani sasa.

Kesho asubuhi ni mimi tena wa kuwasomea kanuni. Nyie mngeanzaje?