Pole za Jumamosi

Kosa lilikuwa la kitenge. Mke wangu alikuwa muuza vitenge hapa Butembo, na rangi zote za dunia zilipita mikononi mwake, lakini kwa kupanda baiskeli alichagua kitenge cheusi. Alisema mafuta ya mnyororo hayana heshima, yakigusa kitambaa cha rangi kimekwisha, na yeye hawezi kuharibu bidhaa kwa ajili ya matembezi. Basi kila Jumamosi asubuhi alivaa suruali yangu ya zamani kwa ndani, kitenge cheusi juu yake, na kilemba cheusi kichwani, kwa sababu muuza vitenge hatoki nyumbani na kilemba kisichofuatana na nguo. Mimi nilivaa koti la kanisani, maana sina lingine. Hivyo ndivyo tulivyoshuka hadi mtoni, mume na mke wenye mvi, wasafi, juu ya baiskeli zisizobeba kitu.

Anayeijua Butembo ameshaelewa. Kwetu baiskeli ni punda. Inabeba makaa, ndizi, mabidoni ya maji, mbao, hata mgonjwa. Ukimwona mtu mzima anaendesha baiskeli tupu, polepole, Jumamosi, na koti juu, na nyuma yake mkewe aliyevaa nyeusi, huna haja ya kuuliza. Wanaenda kwenye kilio. Kuna ndugu yao amekufa mahali fulani na wao wanaenda kukaa na wafiwa. Kilichobaki ni kuwapa pole.

Na pole walitupa. Wafyatua matofali waliinua vichwa: "Poleni, papa. Pole, mama." Vijana waosha pikipiki walizima redio mpaka tupite. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia kabichi zake alivua kofia. Mara ya kwanza nilisimama nikataka kueleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba tunatembea tu. Mke wangu akanivuta koti. "Sema aksanti, twende. Utaelezea Butembo nzima?" Tukasema aksanti. Kuanzia siku hiyo tulipokea rambirambi za mtu asiyekuwepo, na yeye alicheka njia nzima hadi nikaogopa atakosa pumzi.

Pumzi ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Hatukuanza matembezi haya kwa anasa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema hivyo, umechoka, kana kwamba anazungumzia mfanyakazi aliyestahili likizo. Akampa dawa, akakataza chumvi, akakataza vilima, kisha akasema mwili usilale, utembezwe kidogo kidogo, na kama anajua baiskeli basi apande baiskeli mahali pa tambarare. Halafu akanigeukia mimi, maana nadhani alikuwa amenisoma sura. "Papa, polepole. Ukimukimbiza, utamupoteza."

Mimi ni mwalimu, na nina haraka tangu kuzaliwa. Natembea haraka, nakula haraka, nakasirika haraka zaidi. Kwenda polepole kwangu ni adhabu. Lakini niliogopa. Tulikuwa tumeoana tukiwa vijana, watoto wameshatawanyika, na nyumbani tulibaki wawili na jogoo na kuku wake. Sikujua ningekuwa nani bila yeye, na hilo nililijua pale pale mbele ya daktari, nikiwa nimeshika kofia. Nikaamua kwamba kama polepole ndiyo itakayomfanya aishi, nitajifunza polepole.

Baiskeli yeye aliijua kuliko mimi. Alikuwa mtoto wa Beni, na Beni ni chini, joto, barabara zake hazikuvunji kifua. Alijifunzia kwenye baiskeli ya baba yake, mguu mmoja akiupitisha chini ya chuma cha katikati kwa sababu hakufika kitini, na shangazi zake wakipiga kelele kwamba msichana anayepanda kinga hatapata mume. Kinga ndilo jina letu la baiskeli. Alipenda kunikumbusha kwamba mume alimpata akiwa juu ya hiyo hiyo kinga, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa natembea kwa miguu. Vita vilipotuondoa Beni tukapanda huku kwenye baridi na vilima, na baiskeli yake ikaegemezwa ukuta wa jikoni. Kuku wakailalia miaka mingi.

Tambarare ya Butembo iko sehemu moja tu, chini bondeni, kando ya mto Kimemi. Si njia ya matembezi hiyo. Ni kijinjia cha watu wenye kazi, kati ya bustani za mboga na mikaratusi, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Tulishuka tukizisukuma baiskeli, tukapanda penye usawa, tukaenda hadi kwenye daraja la miti ambapo akina mama wanafulia, tukapumzika, tukarudi. Kupanda kilima cha kurudi nyumbani, yeye alichukua pikipiki, na mimi nikasukuma baiskeli zote mbili nikinung'unika. Nikafika nimelowa jasho, nikamkuta chai iko tayari, na yeye ananiuliza kwa upole nani kati yetu ndiye mgonjwa.

Pale darajani kulikuwa na mama mmoja mfuaji, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya kilima. Hakujua majina yetu, wala sisi lake. Yeye pole moja haikumtosha. Jumamosi ya tatu au ya nne hivi tukipita, aliacha kufua, akashika kiuno.

"Mama, kila posho muko na kilio. Njo nani banakufa vile kwenu?"

Posho ni Jumamosi, na njo ni ndiyo. Nikafungua kinywa nianze somo langu. Mke wangu akanitangulia, uso mkavu kabisa.

"Leo iko kilio ya jogoo yetu."

Yule mama alitutazama. Kisha akacheka mpaka akaangusha sabuni mtoni, ikambidi aifuate mbio na kitenge amekishika mkononi. Wenzake wote wakacheka. Mke wangu akashuka kwenye baiskeli, akaegemea daraja, akacheka nao. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mzuri vile.

Tangu hapo ikawa desturi. Tukikaribia tu, sauti inatufikia: "Prof na madame! Leo kilio ya nani?" Na mke wangu hakuwahi kurudia maiti. Siku moja ilikuwa kilio cha umeme wa mtaa wetu, "courant ilikufa tena, hata haikuaga." Siku nyingine kilio cha mshahara wa mwalimu, ambao ni marehemu wa kudumu, kila mwezi tunauzika. Siku nyingine ilikuwa kilio changu mimi.

"Ya huyu papa," alisema, akininyooshea kidole. "Alikufa tangu jana. Njo tunamupeleka kaburini, lakini anakataa kubebwa, anasema atafika mbele."

Nikasema, "Mama, maiti iko na haraka."

"Papa, polepole," akajibu mke wangu. "Kwa kilio batu hapana kukimbia."

Walicheka mpaka nikaona aibu. Dada yangu mkubwa, mwimbaji wa kwaya ya wamama, alipopata habari hii kwa watu alikuja nyumbani kutukemea. Alituambia kifo si mtoto wa kutaniwa, ukikiita kinageuka kuona nani anakiita. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. Mke wangu akamwekea chakula, akamwambia, "Wifi, kula. Kifo kina anwani yangu tayari, hakihitaji kuitwa." Dada akala, lakini aliondoka amenuna.

Mimi niliiona ile sentensi imetoka kirahisi mno. Usiku ule sikumuuliza. Nilishika mkono wake tu, na ulikuwa baridi.

Miguu yake ilianza kuvimba mvua zilipoanza. Tukafupisha safari. Kisha siku moja alipiga pedali mara chache tu akasimama, akashika kifua, akatazama mto muda mrefu kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha humo. Nikamwambia turudi. Akasema darajani wanatungoja. Basi baiskeli yake tukaiacha kwa mzee wa kabichi, na yeye akakaa nyuma yangu, kwenye kile chuma tunachofungia mizigo, nikakitandikia koti langu. Akashusha kitenge hadi kifunike miguu. Alinikataza kusema neno.

Sijawahi kuendesha polepole vile. Alikuwa mwepesi. Alikuwa ameegemeza paji la uso mgongoni kwangu, na pumzi yake niliisikia kupitia shati, fupi fupi. Tulipofika, akainua kichwa na sauti ikatoka nzima, sijui aliitoa wapi.

"Leo munaona? Mi niko bosi. Nilipata chauffeur!"

"Na kilio ya nani?" yule mama akauliza.

"Ya kinga yangu. Ilichoka, ikalala."

Wakacheka. Mimi nilicheka pia, nikitazama mbele ili wasione macho yangu. Tulifanya hivyo Jumamosi nyingine mbili, na kila mara miguu ilifunikwa, na kila mara maiti alikuwa mpya. Njiani wafyatua matofali waliendelea kutupa pole, na mimi nilianza kuzichukia. Zamani pole hizo zilipita pembeni kwa sababu hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Sasa kila moja ilikuwa inamlenga.

Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha, kabla ya chai. Alikuwa ameniambia nifungue dirisha. Nilifungua, nikageuka, ikawa imekwisha. Hata polepole haikutosha.

Aliwahi kutaka alazwe Beni karibu na baba yake. Barabara wiki ile haikuwa ya kupitisha maiti wala mzima, tukamzika hapa kilimani. Nyumbani walitandika turubai, wakaleta viti vya plastiki, na watu wakaja: walimu wenzangu, waumini, wauza vitenge wa soko zima wakiwa na nguo za rangi zote. Kila mmoja alishika mkono wangu akasema pole. Nilijibu aksanti, kama alivyonifundisha. Lakini neno lilikuwa limeharibika masikioni mwangu. Kila nikiambiwa pole nilitazama pembeni kumtafuta, nimwone anavyojizuia kucheka. Dada yangu alilia kuliko wote na hakunikumbusha lolote. Mimi mwenyewe ndiye niliyejikumbusha. Usiku baada ya usiku nilijiuliza kama kweli tulikiita kifo.

Nilikaa bila kushuka mtoni mvua zote na kiangazi kilichofuata. Nilikuwa napita barabara ya juu, ya mavumbi, kwa miguu, haraka kama zamani. Baiskeli yangu nayo ikaanza kulaliwa na kuku. Halafu Jumamosi moja niliamka nikiwa na hasira. Sikujua namkasirikia nani. Nikaifuta baiskeli kinyesi cha kuku, nikavaa koti, nikashuka.

Hakuna aliyenipa pole. Hilo sikulitazamia. Wafyatua matofali walikuwa wapya, wakanipisha bila kutazama. Mwenye kabichi hakuwepo. Mtu mmoja na koti lake juu ya baiskeli, si kitu, labda anaenda kazini. Tulipokuwa hatuna maiti njia nzima ilituombolezea, na sasa nimefiwa kweli, nilipita kama mtu aliyetumwa chumvi. Nikaona uchungu mpaka nikataka kusimama na kuwaambia. Lakini unaanzaje?

Nilikuwa nimekaribia daraja nilipoisikia sauti.

"Prof! Eh, Prof! Mulipoteaka wapi?"

Alikuwa pale pale, kwenye jiwe lake, sabuni mkononi. Uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa furaha. Sijaona mtu akifurahi kuniona hivyo tangu mke wangu aondoke. Nikasimama, mguu mmoja chini. Akatazama nyuma yangu, akaona chuma kitupu, akashika kiuno kama kawaida yake.

"Na leo, uko peke? Leo kilio ya nani?"

Nilitafuta maneno. Mimi mwalimu, maneno ndiyo kazi yangu. Yalikuja mawili tu.

"Ya madame."

Akacheka. Alicheka kicheko kile kile cha siku ya jogoo, akajipiga paja kwa mkono wenye povu, akageuka kuwaambia wenzake. "Munasikia huyu papa? Madame alimuzikaka, na yeye leo anarudisha! Mulilipana sasa!" Wenzake wakacheka naye, na daraja zima likajaa kicheko chake yeye, mke wangu, maana wao walikipata kwake. Nikafungua kinywa nieleze. Nikasikia mkono ukinivuta koti.

"Umusalimie!" alipiga kelele nilipokwisha kuanza kuondoka. "Umuambie aletake miguu, tunamungojea!"

Nikainua mkono. Nikaenda polepole mpaka mwisho wa tambarare, nikashuka, nikasukuma baiskeli moja kilima chote, na ilikuwa nzito kuliko mbili. Nyumbani jogoo alikuwa mlangoni. Nikaingia chumbani, kitenge cheusi kingali kwenye msumari wake, na mafuta ya mnyororo kwenye pindo.

"Mama wa darajani," nikakiambia, "anakusalimia."