Masanduku Sita ya Mama Wakesho

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kununulia nyanya, nilikabidhiwa kipande cha chaki cha kutia alama masanduku na Bwana Mkaguzi, mzee mkali aliyevaa kaptura hata ukungu wa Werugha ulipouma mifupa. "Nyanya ya gredi ya kwanza," alinifunza, "ni ngumu, haina doa, imeanza kuwa nyekundu kitakoni tu. Itaivia njiani. Ukikosea, mkulima atailaumu mvua, lakini mnunuzi atakulaumu wewe."

Nilishika upesi, nikajiona fundi. Nikahamishiwa ghala la Voi, na baada ya miaka miwili ya joto lake nilirudishwa Werugha nikiwa mkaguzi mwenyewe, chini ya Meneja mpya aliyependa kuona lori limejaa.

Jambo moja jicho la mkaguzi halikuweza kulijua: siku za kungoja. Mkulima akipiga dawa ya wadudu, hachumi mpaka wiki mbili zipite, kwa maana sumu iliyobaki haionekani.

Msimu mmoja wa miaka ya sabini mvua ilizidi, nyanya zikaadimika, bei ikapanda. Mama Wakesho alileta masanduku sita. Sote tulijua ni karo ya binti yake Wakesho, aliyeitwa kujiunga na kidato cha kwanza. Niliyatia alama ya gredi ya kwanza bila kusita. Akayatazama, kisha akaanza kuyateremsha kutoka kwenye mizani.

"Kuna nini tena, mama?" nikamuuliza.

"Nilipiga dawa juzi, mwanangu. Wadudu walinishinda. Nilidhani naweza kunyamaza."

Meneja akaja mbio. "Mama, hizo ziko sawa kabisa! Nani atajua huko Mombasa?"

"Si mimi najua?"

Halafu mwanamke wa pili kwenye foleni akainua sanduku lake, akaliweka kando. Kisha wa tatu. Kisha wa tano. Hawakuambiana neno; nao walikuwa wamepiga dawa. Lori liliondoka nusu tupu, Meneja kashika kiuno, nami nilistaajabu hata nikasahau kazi.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mna vyeti na mashine za kupima sumu. Ni vitu vizuri, vitumieni. Ila msidhani uaminifu ni wa bure. Wakesho hakwenda shule mwaka ule. Wiki moja baada ya siku ile ya mizani nilimkuta shambani akimsaidia mama yake kuzifukia nyanya zile, nyekundu, nzuri ajabu. Alinisalimia kwa adabu zote. Nilimwitikia nikitazama chini.