Tulivyokwenda Kumvulia Papa Anselme Samoni

Safari hii ilianza kwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wangu. Jumapili moja ya mwezi wa tano nilialikwa chakula Evere, hapa Brussels, kwa wazazi wa mchumba wangu Aline. Baba yake, Papa Anselme, alikuwa préfet, yaani mkuu wa sekondari, kule Bukavu kabla vita havijamfikisha Ubelgiji. Hadi leo akikutazama unajikuta unahakikisha kama shati limechomekwa. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kigoma.

"Ah, Kigoma! Batu ba kule ni bavuvi."

Ningeweza kumwambia kwamba baba yangu alikuwa fundi magodoro, na kwamba mimi nikipanda mtumbwi natapika. Lakini nilikuwa natafuta mke. Nikajibu, "Papa, mimi nimekulia majini."

Akaweka uma chini. "Bon. Saumon ya ku supermarché banailishaka sawa kuku. Mi nataka saumon ya mutoni, yenye imejitafutia. Utaikamata, mi nikiona na macho yangu. Siwezi kupana binti yangu kwa mwanaume mwenye sijaona kazi ya mikono yake. Nyuma ya pale, tutaongea ya ndoa."

Aline alinisindikiza hadi kituo cha basi, akaniuliza kama kweli najua kuvua. Nikamwambia kuvua ni kama kuogelea, mtu hasahau. Kuogelea nako sijui.

"Angalisha, Yusto," akasema. "Papa anachukiaka muongo kuliko mwizi."

Koekelberg, ninakoishi, nilikaa wiki mbili za mashaka. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makazi fulani kule Uccle, na mzee mmoja miongoni mwao alikuwa mvuvi wa mitoni ujanani mwake. Aliniazima fimbo yake ya kuvulia, akanifundisha kurusha mshipi kwenye korido, shabaha ikiwa ndara yake moja. Siku ya nne niliipata ndara. Akanishauri niende Mto Ourthe, upande wa Liège, ambako wapo trauti, samaki wanaofanana sana na samoni. Samoni nao, akasema, walikwisha kabisa zamani, sasa watu wanajitahidi kuwarudisha, na ukimnasa ni lazima umwachie palepale, la sivyo ni faini. Hilo sikumwambia Papa Anselme. Nilijipa moyo kwamba asiyejua kuvua hawezi kuvunja sheria ya uvuvi.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulikutana kituo cha treni cha Gare du Nord. Nilikuwa na buti za mpira, kibali cha kuvulia na kopo la nyungunyungu. Papa Anselme alivaa suti ya kijivu, tai, kofia na viatu vilivyong'aa, na kwapani alibeba beseni kubwa la buluu la kuogeshea watoto.

"Ile samaki itafika Evere mzima," alinieleza. "Maman anataka kuiona ikipumua."

Baada ya Leuven mkaguzi wa tiketi aliliangalia beseni, akatuangalia sisi, akauliza kwa Kifaransa kama tunasafiri na mnyama.

"Bado, monsieur," alijibu Papa Anselme kwa heshima zote. "Jioni."

Liège tulibadilisha treni, na saa tatu tukashuka Hamoir. Ourthe si mto wa kutisha. Mtu mwenye mkono mzuri angetupa jiwe likafika ng'ambo, na maji yake ni ya rangi ya chai nyepesi. Ng'ombe walikuwa wakitutazama. Mrusho wangu wa kwanza ulinasa mti, wa pili ukanasa kofia ya Papa Anselme, wa tatu ukaingia mtoni, nikapumua. Yeye alikuwa amelifudikiza beseni na kulikalia katikati ya majani, amenyooka kama anasimamia mtihani wa taifa.

"Kigoma munarushaka namna hii?" aliuliza.

"Maji ya huku ni tofauti, Papa."

Kufika saa sita nyungunyungu walikuwa wamekwisha. Samaki walikuwa wakiwala kwa adabu na kuniachia ndoano tupu. Tukafungua chakula alichotufungia Maman Bernadette, mama yake Aline: mayai ya kuchemsha, pilipili, na chikwangue, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani. Papa Anselme alimega kipande, akakiviringa kwa vidole, akaniletea.

"Tia hii."

"Papa, samaki wa Ubelgiji hawajui muhogo."

"Njo maana atakula. Curiosité: atataka kuonja."

Saa saba na dakika chache fimbo ilipinda. Nilifanya yote ambayo mzee wa Uccle alinikataza: nilipiga kelele, nilivuta kwa nguvu, nilirudi kinyumenyume nikakalia mayai. Papa Anselme aliingia mtoni na suti yake hadi magotini, akalizamisha beseni, akaibuka na samaki ndani. Alikuwa mrefu kupita kiasi cha mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, ubavu wa fedha, madoa meusi. Tulicheka kama watoto. Kwa mara ya kwanza alinishika bega.

Kabla sijakaa sawa alikuwa amekwisha kumpiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo kwenye simu, ambalo lina watu Bukavu, Lubumbashi na Montréal. Aliandika neno moja: SAUMON. Tonton Gaspard, mdogo wake aliyebaki Bukavu, akajibu kwa sala ya sauti ya dakika tano.

Sala haijafika amina, akatokea mlinzi wa uvuvi, mama wa makamo mwenye sare ya kijani. Alitazama kibali changu, akaridhika, akauliza kilichomo ndani ya beseni ni nini. Nilifungua mdomo kusema ni trauti.

"Saumon, madame!" akajibu Papa Anselme, akavua kofia.

Uso wa yule mama ukajifunga. Alitoa daftari la faini. Nikasema hapana, ni truite, yaani trauti. Papa Anselme akasema saumon. Nikamvuta kando nikamweleza kwa Kiswahili kwamba samoni ni marufuku, tutatozwa faini na samaki ataondoka.

"Na ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Yusto, nimesha kuambia famille! Batu soixante-deux banasali!"

Basi ikawa hivyo: ukoo mzima duniani, watu sitini na wawili, ulikuwa unamwomba Mungu huyu samaki awe samoni, nami peke yangu kando ya Ourthe nikimwomba asiwe. Mlinzi alipiga magoti kwenye beseni. Akatuonyesha taya, lililopita jicho kwenda nyuma. La samoni, alisema, linakomea usawa wa jicho. Akatuonyesha madoa yaliyojaa hadi chini ya mstari wa ubavuni, ambako samoni huwa nayo machache. Kisha akaniambia nimnyanyue kwa mkia. Mkia wa samoni umebana kama kiuno, mkono unapata pa kukamata. Wa trauti huchomoka.

Nilimnyanyua. Akachomoka.

Papa Anselme akakunja mikono ya suti. "Apana. Tumupe deuxième session," akasema, maana hakuna mwanafunzi ambaye yeye aliwahi kumnyima mtihani wa marudio. Akamshika mwenyewe. Samaki akachomoka, akampiga kwenye tai, akatumbukia tena kwenye beseni.

"Truite," akasema mlinzi. Akampima, akaona amezidi urefu unaotakiwa, akatutakia chakula chema.

Saa kumi, kwenye treni ya kurudi, samaki alikuwa amekwisha kuuawa, maana maji ya beseni yangemwagika njiani, na kulazwa kwenye barafu tuliyopewa na mkahawa wa karibu na kituo. Papa Anselme alipakata beseni, suruali imekauka kwa matope. Simu yake ilitetemeka njia nzima kwa pongezi. Hakujibu hata moja. Nilimwonea huruma kwa dhati, na nilijionea huruma zaidi, kwa sababu niliona ndoa yangu imelala kwenye lile beseni pamoja na samaki.

Evere, Maman Bernadette alitupokea mlangoni na kisu tayari. Alimpara magamba, akampasua, halafu akapiga kigelegele. Nyama ilikuwa ya rangi ya waridi.

"Aline, kuya uone! Rose! Ni saumon ya kweli!"

Baadaye mzee wa Uccle alinieleza kwamba trauti akila vijidudu fulani vya mtoni hupata rangi hiyo. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba tulikuwa wawili wenye habari kamili, na mwenzangu alikuwa ananitazama. Nilitakiwa ninyamaze tu, niwe mkwe.

Maman akamtia chumvi na ndimu, akamkaanga mzima hadi ngozi ikakakamaa, kisha akamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya, vitunguu, céleri na pilipili. Bugali ikasongwa, sombe, yaani kisamvu, ikapakuliwa. Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya maji ili Bukavu nao washiriki. Papa Anselme alisafisha koo.

"Bon. Muvuvi aseme yeye mwenyewe ni samaki gani."

Nilisimama. Nikasema ni trauti. Nikasema samoni ni marufuku, nilijua, nikaficha. Nikasema mimi si mvuvi, ni mtoto wa fundi magodoro, na samaki alijileta mwenyewe kwa ajili ya chikwangue. Nikamwomba Aline msamaha, maana nilimdanganya yeye pia.

Sauti ya Tonton Gaspard ikatoka kwenye simu: "Na maombi yetu?"

"Samaki inapoa," akasema Maman Bernadette, akaanza kugawa. Aline alikuwa ameinamia sahani, mabega yakimcheza. Sikujua analia au anacheka. Papa Anselme alikula upande mzima, akipanga miiba ukingoni mwa sahani. Alikuwa mtamu, yule samaki, mtamu wa kutia uchungu.

Saa mbili, jua la kiangazi likiwa bado halijazama, nilipanda basi kurudi Koekelberg. Nilikuwa nimejifunza kutambua samoni kwa taya, madoa na mkia, elimu ambayo sitaihitaji tena maishani. Nilikuwa nimejifunza pia kwamba ukweli ukisemwa umechelewa huwa mchungu kwelikweli, ila hata ukichelewa, unausema.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Papa Anselme, ya taratibu, na nyuma yake nilisikia vyombo vikioshwa.

"Yusto. Leo na mi nilificha: tangu mutoni nilijua ni truite, nikaacha famille bashangilie, juu ya haya. Nimebaambia bote. Sasa, wewe, ambia bazee yako ba hapa Brussels bakuye Jumamosi. Balete mbuzi. Na balete godoro, moya, ya mugongo wangu."