Edel Achomoa Kizibo

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Edel aliziba mdomo wa birika. Kizibo chenyewe kilikuwa kifundo cha uzi wa sufu mwekundu, kilichoiva kwa mvuke mpaka kikawa na rangi ya ini. Alikisokomeza kwa kidole gumba, akaligeuza birika kukagua, ndipo akaliweka motoni. Birika lile liliundwa lipige mluzi maji yakichemka, na katika nyumba ya Hansine mluzi ulikuwa mwiko. Haupigwi na mtu, haupigwi na chombo.

Hansine alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu Arnulf. Edel aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, kando ya ghuba, kule juu kabisa kaskazini mwa Norwei, ambako jua likishaaga mwezi wa Novemba halipigi hodi tena mpaka Januari. Sheria za nyumba alizikuta. Wenyewe wakitoka angani, mapazia yanashushwa, redio inazimwa, watoto wanaitwa ndani, na shuka nyeupe zinaanuliwa kambani. Watu wengine walisema mianga ya kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku wa baridi. Hansine alisema "Wenyewe", kwa sauti ya chini, kama anayemtaja mwenye nyumba aliyelala chumba cha pili.

"Ukiwapigia mluzi wanakusogelea," alikuwa akisema. "Ukiwapungia kitu cheupe wanakuchukua. Yuko mwanamume wa ghuba ya pili, walimchukua na kitambaa chake mkononi."

"Mwanamume gani huyo, wifi? Kila mwaka anabadili jina."

"Cheka tu. Wataanza na hayo meno."

Basi Edel, aliyezaliwa na kuzeeka chini ya anga lile, hakuwahi kusimama nje akalitazama. Kwao pia walikuwa hivyo hivyo. Aliliona vipande vipande: kwenye ufa wa pazia, kwenye kidirisha cha choo, au akikimbia kutoka zizi la kondoo, kichwa kimeinama. Hata baharini, Arnulf alipoona kijani kinaanza juu ya mlima, alimwambia, "Tazama wavu wako." Naye akatazama wavu wake.

Kilichomchokoza ni wageni. Walianza kuja wakati wa baridi na magari yao makubwa yenye vitanda na majiko ndani, wakaegesha karibu na vichanja vya kukaushia samaki, wakatoka nje kukodoa macho juu. Jioni moja Edel alikuwa akipita na ndoo ya samaki, akamkuta bibi mmoja wa mbali huko, mvi tupu, amelala chali juu ya theluji, anacheka huku machozi yanamtiririka. Bibi akamwonyesha juu kwa kidole, akasema maneno ambayo Edel hakuyaelewa. Edel akaendelea kutazama ndoo. Aliona haya, kama mtu aliyeulizwa na mgeni njia ya kijijini kwao asiijue.

Mwaka uliofuata alibadilishana na mjane mmoja wa upande wa pili wa ghuba. Akampa mashua aliyoachiwa na Arnulf, na yeye akapewa gari-nyumba: kuukuu, jeupe, lina kitanda nyuma, jiko la gesi, meza ya kukunja, na mlango unaogoma kufunga mpaka uupige kumbo. Ghuba nzima ilicheka.

"Umetoa mashua ukachukua kabati lenye magurudumu," Hansine alimwambia. "Mashua inaleta samaki. Hilo litaleta nini?"

"Litanipeleka."

"Wapi?"

Edel hakuwa mtu wa maneno mengi, na neno hilo alikuwa bado analipika.

Lakini vuli ile Hansine aliteleza kwenye barafu, akaumia nyonga. Edel akawa ndiye miguu ya nyumba: kuni yeye, kondoo yeye, sufuria yeye. Gari likakaa nyuma ya zizi linakula theluji. Ndipo mtoto wa Hansine, Roald, aliyeishi mjini ng'ambo ya mlima, akasema kwenye simu kwamba gari kama lile lingemfaa sana kwa safari zake za kuvua samaki mtoni. Hansine akaona ni jambo la heri. Gari likiondoka, macho ya Edel nayo yataacha kuzurura.

"Tutampelekea wiki hii," alisema. "Wewe utaliendesha, mimi nitakaa pembeni nihakikishe funguo zinafika. Kurudi tutapanda basi."

Edel alikuwa anapara samaki. Nyumba ni ya Hansine. Mjane asiye na mtoto hana nguzo ya kuegemea. Akaitikia kwa kichwa. Ila moyoni aliweka sharti ambalo hakumwambia mtu: kabla ufunguo haujatoka mkononi mwangu, nitasimama chini yao, macho wazi, hata kama ni kwa pumzi moja. Akachukua birika, kizibo kikiwa mahali pake, akaliweka garini.

Wiki nzima mawingu yalikuwa yameziba kila tundu. Siku ya safari pia yalikuwa mazito. Hansine aliketi mbele, shali mpaka masikioni, mkoba umemkalia mapajani kama paka.

"Joto linatoka wapi humu? Nasikia miguuni tu."

"Linapanda polepole, wifi."

"Kama mwenye gari."

Walipanda mlima. Kondoo hawapandishwi kule majira ya baridi. Waliokuwapo ni kulungu wa theluji, wale wafugwao, wamesimama katikati ya barabara kama wenye barabara, wakasubiriwa mpaka waliposhiba kusimama. Huko juu upepo uliinua theluji, vijiti vya kuonyesha njia vikapotea kimoja kimoja, kisha mbele yao ikatokea taa nyekundu inayopepesa. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Njia imefungwa mpaka gari la kusukuma theluji liruhusiwe kuwaongoza, wote kwa msururu.

Magari kadhaa yalikuwa yamejipanga tayari. Mwanamume mwenye kofia ya masikio akaja akagonga kioo. Alikuwa Isak, dereva wa gari la theluji, amesimama upande huu akingojea mwenzake wa upande wa pili ampe ruhusa.

"Mama zangu, subira. Upepo ukitulia tunakwenda. Mna gesi?"

"Tunayo."

"Basi nyie ndio matajiri wa mlima huu. Wengine wote wanapumulia mikono."

"Kahawa ikiwa tayari nitakuita," Edel alisema.

"Sasa umekuwa hoteli," Hansine akanong'ona.

Edel akapita nyuma, akajaza maji kwenye birika, akagusa kizibo kuona kama kimekaa. Kimekaa. Akawasha jiko. Ilikuwa alasiri bado, lakini mwezi ule alasiri na usiku wa manane ni mapacha. Upepo ukaanza kuchoka. Ukachoka kabisa, na mawingu yakapasuka. Theluji iliyokuwa ikiruka ikakaa chini, na kimya kikaingia hadi ndani ya gari.

Kisha nje mtu akapiga kelele ya furaha. Milango ya magari ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Isak akarudi, akagonga tena.

"Mama, zimeni taa za mbele, mnaharibu! Tokeni mwone!"

Hansine hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa ameshainuka, nyonga mbovu na yote, anavuta vipazia vya gari: cha mbele, cha ubavuni, cha juu ya kitanda. Akazima taa. Wakabaki wawili gizani na moto wa bluu wa jiko.

"Keti, Edel. Na usiseme kitu."

Edel alikuwa amesimama, mkono juu ya meza. Alisikia vicheko nje, na theluji ikikanyagwa. Ule ulikuwa mlima wa mwisho. Ng'ambo yake ni mji, na mlango wa Roald, na kiganja cha Roald kimefunguliwa kungoja ufunguo. Baada ya hapo ni basi, na nyumba, na pazia. Maji yakaanza kunguruma chini kwa chini.

"Wifi," alisema, "mama yako alikufa mikononi mwangu."

"Najua. Kwa nini unasema hayo sasa?"

"Nilimwosha mimi. Arnulf nilimwosha mimi. Hakuchukuliwa na mtu, wifi, alichukuliwa na mapafu yake. Na madirisha tulikuwa tumeyafunga yote."

Edel akanyoosha vidole, akachomoa kizibo. Kilikuwa cha moto, kilimchoma, hakukiachia. Akakiweka kwenye kiganja cha wifi yake, akavikunja vidole vya Hansine juu yake, kisha akaupiga mlango kumbo, akashuka.

Kwanza alitazama viatu vyake. Mazoea hayaachi. Theluji ilikuwa ya kijani. Aliitazama ile kijani chini ya miguu yake kwa muda, moyo unampiga kama samaki ndani ya ndoo, kisha akainua uso.

Edel alikuwa amepasua samaki maisha yake yote, na rangi ile aliijua. Ilikuwa kijani cha nyongo, ile unayoizungukia kwa ncha ya kisu usije ukaipasua ukaharibu nyama. Sasa ilikuwa imepasuliwa anga zima na hakuna kilichoharibika. Ilikuwa ikining'inia juu ya mlima kama wavu unaokung'utwa na mtu asiyeonekana: pindo la chini linatikisika, linajikusanya, linarushwa tena mpaka upande wa bahari. Palipokunjika paliingia wekundu kidogo, kama ndani ya shavu la samaki. Alitaka kuinama. Hakuinama.

Hapo nyuma yake birika likaanza. Kwanza mguno, halafu uzi mwembamba wa sauti, halafu mluzi kamili, mkali, unaotoka kwenye mlango wazi na kwenda juu moja kwa moja.

"Edel!" Hansine alipaza sauti, akaikata katikati kwa kuogopa kusikika. "Edel! Lizime!"

"Bibi, kahawa inakuita!" mmoja wa wasafiri alidakia, na msururu mzima ukacheka.

"Iache iite," Edel akasema.

Na Wenyewe wakasogea kweli. Wakateremka, wakapanuka juu ya yale magari, kijani kikapita kwenye paa jeupe la gari-nyumba na kwenye nyuso za watu. Edel aliona kwamba ni jambo ambalo wangelifanya hata kama birika lingekuwa limezibwa. Aliona pia kwamba anaogopa. Akasimama na hofu yake, kama unavyosimama na mtu usiyempenda kituoni mnangojea basi moja.

Mluzi ukakatika. Hansine alikuwa ameliondoa birika motoni. Baada ya kitambo akatokea mlangoni, shali limemfunika kichwa mpaka machoni, akamshika Edel mkono wa koti.

"Umemaliza?"

"Ndiyo kwanza naanza."

"Ingia. Utakufa."

"Tazama, wifi. Mara moja."

Hansine aliitazama theluji. Kwa muda mrefu sana aliitazama ile theluji ya kijani, na mkono wake haukuliachia koti. Lakini hakuvuta tena.

Isak akaja na kikombe chake. "Hiyo ndiyo hoteli yenye kengele," alisema. "Nimeisikia nikiwa ndani ya mashine." Edel akammiminia, akawamiminia na wengine, kahawa nyeusi yenye mashapo, na vipande vya jibini la kuchovya humo humo kwenye kahawa. Kisha taa nyekundu ikazimika, kizuizi kikainuka, na wote wakateremka mlima nyuma ya Isak, mkia wa mmoja kwenye pua ya mwenzake. Garini, vipazia vya nyuma vilibaki vimefungwa. Cha mbele Edel alikuwa amekifungua, kwa sababu bila hivyo haendeshi mtu.

Kwa Roald walipokewa kwa moto na mkate mwembamba wa siagi. Roald alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Mkazamjomba, karibu! Nimeliona dirishani. Jamani, nitalala mtoni kama mfalme! Halivuji?"

"Halivuji."

"Na mlango?"

"Unataka kumbo."

"Kumbo ninalo," alisema akijipiga tumbo, akacheka peke yake. Akaweka vikombe mezani. Kisha akafungua kiganja, kwa mzaha, kama mtoto anayengoja peremende. "Haya basi."

Edel alikuwa bado amevaa koti. Akatazama kile kiganja. Kilikuwa kiganja kizuri, hakikuwa na kosa lolote.

"Roald, mama yako nyonga inamsumbua asubuhi," alisema. "Anapenda jiko liwashwe kabla hajaamka. Kondoo nimewaachia jirani, mpaka utakapompeleka nyumbani. Kuni zimepasuliwa za kutosha mpaka jua lirudi."

"Mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwanawe." Akainuka. "Nimeacha birika garini. Naenda kulichukua."

"Birika ninalo, mkazamjomba! La umeme!"

"Nataka langu."

Hansine alikuwa ameketi karibu na moto, ngumi imefumba kitu mapajani. Alimtazama Edel, kuanzia viatu mpaka usoni, jinsi mtu anavyotazama mzigo kuona kama umefungwa sawasawa. Roald alikuwa anakata mkate, hakuona.

"Vaa kofia," Hansine alisema. "Nje kuna baridi."

"Ninayo, wifi."

"Ivae, basi."

Edel akaivaa. Akafungua mlango, akautoa mguu nje, na pale kwenye ngazi, kwa midomo mikavu ambayo haikuwahi kujaribu kitu kile tangu utoto, akapiga mluzi. Haukuwa mzuri. Ulikuwa hewa zaidi kuliko sauti. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Roald akamimina kahawa vikombe vitatu. Walisikia kumbo la mlango wa gari, kisha injini ikikohoa, ikikohoa tena, ikashika.

"Analisogeza wapi?" Roald akauliza, akiinuka.

"Keti," mama yake akasema. "Kunywa kahawa yako."

Kikombe cha tatu kilikaa mezani mpaka kikapoa.