Ukingo wa Sarafu

Mama yangu hununua dhahabu Bunia, mashariki mwa Kongo, kwenye baraza ya nyumba yetu, kwa wachimbaji wanaotoka machimbo ya Kilo. Vifaa vyake ni mizani ndogo ya visahani viwili, njiti za kiberiti za kupimia vipande vidogo, na sarafu moja ya wakati wa wakoloni, yenye tundu katikati, ambayo haijanunua kitu tangu kabla sijazaliwa. Sarafu hiyo ndiyo uzito. Dhahabu hukaa sahani moja, sarafu sahani ya pili.

Kabla ya kupima kuna jambo lisilorukwa. Mama humpa muuzaji ile sarafu. Muuzaji hupitisha kidole gumba ukingoni, akakizungusha mpaka kirudi kilipoanzia, kisha huchungulia tunduni. Akiridhika, anairudisha. Kila upande una wizi wake: mnunuzi mwizi hubandika madini ya risasi tunduni ili sarafu iwe nzito, muuzaji mwizi huja na sarafu yake mwenyewe, aliyoisugua kwa tupa ikawa nyepesi. Nimekulia kando ya meza hiyo. Mara nyingi nilimwona mama akiinua sarafu ya mtu kwenye mwanga, kisha akimrudishia.

"Baba, hii iko na njaa. Uende uilishe kwanza."

Watu walicheka, na mwenye sarafu pia.

Mwaka niliosafiri, mama alikuwa akiitwa mwizi. Mnunuzi mgeni alikuwa amefungua chumba ng'ambo ya barabara, ana mizani ya batri inayowasha namba nyekundu. Aliwaambia wachimbaji kwamba sarafu ya mama imetiwa risasi. Hakusema mbele yake. Lakini watu waliozoea kuja kwetu moja kwa moja sasa walivuka barabara wakitazama miguu yao. Nilimshauri mama anunue mizani kama ile.

"Nikificha hii leo," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bunia, ambacho "ndiyo" ni "njo", "batasema njo kweli nilikuwa naiba."

Mimi kazi yangu ni redio. Nilialikwa Ulaya kwa mafunzo ya wiki mbili, na Jumapili ya kwanza tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la mji ule. Ghorofa ya juu kulikuwa na kabati la kioo lenye sarafu za Warumi, zimepangwa kwenye kitambaa cheusi. Aliyetuongoza alikuwa mzee mstaafu, mpole, anayefanya kazi hiyo bila malipo. Alituonyesha sarafu moja ya fedha.

"Tazameni ilivyopungua pembeni," alisema kwa Kifaransa. "Imeliwa na mikono. Karne nyingi, mikono mingi."

Wenzangu waliitikia kwa vichwa. Mimi niliinama. Pua ya mfalme ilikuwa kali bado. Majani ya taji lake ungeweza kuyahesabu. Lakini upande mmoja wa ukingo, herufi zilikuwa zimekatika katikati, kama mkate uliopitiwa na kisu. Mikono haili hivyo. Mikono huanza na kilichoinuka: sarafu yetu ya Bunia haina tena nyota iliyochorwa usoni mwake, lakini ukingo ni mzima.

"Hii haikuliwa na mikono," nilisema. "Imekatwa, mtu akabaki na fedha ya pembeni."

Mzee alitabasamu. "Kwenu kuna wataalamu wa sarafu za Kirumi?"

"Hapana. Kuna wataalamu wa ukingo."

Mtu alicheka nyuma yangu. Nilinyoosha kidole kuonyesha zile herufi, kikagusa kioo, na mlinzi akapaza sauti kwamba kioo hakiguswi. Nilikiacha kidole palepale, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Nikamweleza mzee habari ya pua na habari ya herufi. Alivaa miwani, akatazama, akasema, "Inawezekana," kisha akalipeleka kundi kwenye chumba cha vyungu vya kale.

Sikwenda kwenye vyungu. Nilipiga picha. Mlangoni kulikuwa na daftari la wageni, na waliotangulia walikuwa wameandika kwamba kila kitu ni kizuri. Mimi niliandika kwamba sarafu ya tatu, mstari wa pili, ilikatwa na mwizi, na badala ya jina nikaweka: mtoto wa mnunuzi wa dhahabu, Bunia.

Nilirudi na ile picha, nikamsimulia mama habari ya yule mzee, nikitegemea sifa. Mama aliishika simu mbali na macho yake.

"Uligusa?"

"Hapana, mama. Iko mu kioo."

"Sasa unajua namna gani?"

"Niliona."

"Kuona!" Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi weye na ule muzee, muko sawasawa."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini aliendelea kuitazama picha.

"Kitu banasema ni pesa, na hakuna mutu anashika," alisema. Halafu akaichukua sarafu yake mezani, akavuka barabara. Nilimfuata.

Wachimbaji wanne walikuwa wamepanga mstari mbele ya yule mnunuzi. Mama alimpa wa kwanza sarafu, mzee aliyeanza kutuuzia nikiwa bado shuleni.

"Shika, baba. Kama kuna risasi, sema hapa, mbele ya bote."

Mzee alizungusha kidole, akachungulia tunduni, akampa wa pili. Sarafu ilifika kwa wa nne na kurudi.

"Haina kitu," alisema mzee, sauti ya chini.

Mama alimgeukia mnunuzi. "Yangu, bote banashika. Yako, tunashika wapi?"

"Mama, hii ni mashini ya kisasa."

"Ata njaa iko ya kisasa."

Walicheka wote wanne. Mnunuzi aliweka kiganja juu ya mizani yake, kama mtu anayeifunika isipate baridi. Mama hakungoja jibu. Alivuka kurudi kwetu, na wawili wakamfuata. Wawili walibaki, naandika kama ilivyokuwa.

Mzee, mmoja wa waliomfuata, alikaa barazani, akafungua fundo la kitambaa chake. Mama alimnyooshea sarafu.

"Mama, nimeishaka shika."

"Ulishika kule. Hapa njo kwangu. Anza tena."

Akaanza tena, taratibu, kidole gumba ukingoni, na mama akamngojea mpaka kirudi kilipoanzia.