Jiwe la Uhai wa Kwanza na Jamvi la Shangazi

Nikilikumbuka jambo hili masikio bado yananiwaka, lakini kwa kuwa Mtambile nzima imeshalisimulia na kila mmoja ametia chumvi yake, bora mlipate kwa mwenyewe.

Nilirudi Pemba baada ya miaka ishirini ya kuzurura bara, na jambo la kwanza nikamtuma shangazi Mize anipelekee posa kwa Bi Time, mwalimu wa jiografia, mjane, niliyesoma naye sekondari (mimi nikikaa nyuma, yeye akijua majibu). Jawabu likawa bado. Siku moja akaniambia, "Si ulikuwa migodini wewe? Njoo uwasimulie wanafunzi wangu dunia ilivyoanza." Kazi yangu migodini ilikuwa kupika wali, lakini hilo hakuuliza, nami sikutaka kumchosha.

Nikasoma kitabu siku tatu, nikawa bingwa. Kilichopungua ni ushahidi. Asubuhi natoka uani, nikaona jiwe ambalo shangazi amegandamizia pembe ya jamvi la kuanikia karafuu, lina matabaka membamba, jeusi na jeupe, jeusi na jeupe, kama picha ya kitabuni. Nikalitia begini. Jiwe moja tu, nani atalikumbuka?

Darasani nilipendeza, sisemi uongo. Nikawaambia dunia changa ilikuwa moto, miamba ikichemka kama uji, na hewa yake ungeivuta mara moja tu ukasaliwe. Kisha vikaja vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaishi majini tabaka juu ya tabaka, vikitoa hii hewa tunayovuta sisi, umri na umri, mpaka mbingu yenyewe ikageuka. Bi Time akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mtu mwenye akili angekaa kitako hapo hapo. Mimi nikatoa jiwe.

"Hii ndiyo nyumba yao," nikasema. "Nimeichimba kwa mkono wangu, mita mia chini ya ardhi."

Jiwe likapita mkono kwa mkono mpaka kwa binti mmoja wa mbele, akalinusa. "Mzee, mbona linanukia karafuu?"

(Pua yangu haikuniambia kitu, msimu huu kisiwa kizima kinanukia karafuu.) "Hewa ya zamani, binti yangu, ilikuwa na harufu nyingi."

Wakaandika. Wallahi waliandika.

Mara hodi mlangoni, shangazi Mize, kanga imejaa tope hadi magotini. "Asalaam alaykum. Mwalimu niwie radhi, jirani kamuona mwanangu huyu akitia jiwe langu begini. Upepo umepindua jamvi, karafuu zote zi topeni." Akalinyooshea kidole. "Ndilo hilo."

Bi Time akauliza kwa adabu zake zote, "Shangazi, mgeni wetu anasema jiwe hili limeitangulia miti na wanyama."

"Limetangulia choo changu, labda. Ni saruji ya karai la fundi aliyekijenga. Kila jioni ikibaki saruji kidogo, ikibaki chokaa kidogo, hugandia humo humo."

Yule binti akainua kalamu, "Mzee, tufute ya mita mia au tuiache?"

Kicheko cha Bi Time nilikisikia mpaka barabarani.

Hadi alasiri nilikuwa nimechutama uani nikiokota karafuu topeni, chembe moja moja, shangazi juu yangu akihesabu makosa yangu tangu utotoni. Bi Time akapita akitoka skuli, akasimama.

"Hukuwa mchimbaji."

"Nilikuwa mpishi."

"Mpishi ana ubaya gani?"

Nikajikaza, nikauliza habari ya posa, tope limenifika viwikoni.

"Si umetufundisha wewe kwamba vijidudu vilipumua umri na umri kabla hewa haijafaa?" akasema. "Basi nawe pumua kwanza." Akaenda zake.

"Hajakataa," akasema shangazi. "Okota."

Basi mimi tangu siku hiyo napumua. Anayeniuliza nilifanya nini bara namwambia nilipika wali, hata asiyeuliza namwambia. Na lile jiwe limerudi kwenye pembe ya jamvi, silinyanyui hata kufagia.